Kumtegemea Mungu: Niliyojifunza kwa Jirani Yangu

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba, mimi mwalimu mstaafu, niandike machache juu ya kumtegemea Mungu katika maisha ya kila siku. Nadhani walitaraji nieleze maana ya kutawakali kama nilivyoieleza kwa miaka mingi chuoni siku za Jumamosi, kwa sababu baadhi yao walikaa mkekani mbele yangu wakiwa watoto wadogo. Lakini, ndugu zangu, mtu akifika umri wangu huchoka kusema aliyoyasoma tu. Hupenda kusema aliyoyaona. Nami kumtegemea Mungu nilikuona wazi kwa mwanamke Mkristo, jirani yangu wa hapa Coventry, ambaye nilimkosea mbele ya watu. Wengi wenu kisa hiki mnakijua nusu nusu. Leo nitakieleza chote.

Mwenyewe amenipa ruhusa kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimpambe. Sharti la kwanza ni jepesi. La pili ni gumu, lakini nitajitahidi.

Tulitoka upande mmoja wa bahari. Mimi nilizaliwa Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1958. Yeye alizaliwa mwaka mmoja baadaye, Frere Town, si mbali na kwetu. Tulipita njia zile zile, tukanunua mbaazi na mahamri kwa mama yule yule, lakini hatukujuana. Mimi asubuhi nilikwenda chuoni na juzuu yangu, kisha shule. Yeye alikwenda shule, na Jumapili kanisani kwao. Sisi watoto wa chuoni tuliwaita watu wa upande ule "Wamisheni", na neno hilo, tusidanganyane, hatukulitamka kwa heshima.

Vijana wetu waliozaliwa huku hawajui habari za watu wale, basi nizitaje kwa ufupi. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ile ya bara. Mwaka 1875 Church Missionary Society ikaanzisha pale kijiji kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, kikaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Miongoni mwa waliotangulia kufanya kazi pale walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani watu waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa Bara Hindi na kusomeshwa na misheni huko Nasik, kisha wakarudi Afrika wakiwa walimu na mafundi. Kengele yao ilitundikwa ili kutoa ishara ya hatari wakija watu wa kuwarudisha utumwani, na mahali pale mpaka leo panaitwa Kengeleni. Huko Rabai nako, watumwa watoro walikimbilia misheni mpaka wakawa wengi sana. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipata uhuru wao, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa kuwalipa fidia wale waliodai kuwa mabwana zao.

Basi babu wa babu yake alikuwa mmoja wa watu wa jahazi. Na mababu zetu sisi, au jirani zao, walikuwa upande wa wale wanaodai. Haya hatukufundishwa chuoni wala shuleni, lakini yalibaki ndani ya neno "Wamisheni" kama mwiba ndani ya nyama. Nayataja kwa sababu yanahusika na kosa langu.

Mimi nilifika Uingereza mwaka 1985, na yeye mwaka 1988. Nilifanya kazi kiwandani, kisha nikawa mwalimu msaidizi katika shule moja ya hapa, na Jumamosi nikafundisha watoto wetu Kurani na Kiswahili. Yeye alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, zamu za usiku. Mkewe mtu huyatambua ya nyumbani haraka kuliko mumewe: wangu alimsikia akisema Kiswahili kwenye kituo cha basi, akamfuata na kumuuliza kwao wapi, na tangu siku ile wakawa mashoga. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka yetu.

Mwaka 1991 tukaunda chama cha maziko. Anayeishi ugenini anajua sababu: mtu akifa, familia yataka kumrudisha nyumbani, na gharama ya kusafirisha maiti haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi. Tulikubaliana kila nyumba itoe pauni 5 kwa mwezi, Waislamu na Wakristo pamoja, maana mauti hayaulizi dini. Mimi nikachaguliwa katibu na mtunza daftari la hesabu. Jirani yangu akapewa kukusanya katika nyumba 22 za upande wetu wa mji. Alikuwa na kitabu cha stakabadhi, na kila mwezi aliniletea bahasha yenye pauni 110, juu yake ameandika mwezi na idadi ya nyumba kwa mwandiko wa duara kama wa mtoto wa shule.

Mwezi Juni 1997 alifariki kijana mmoja wa jumuiya yetu. Tulipokutana usiku ule kuhesabu fedha, tukakuta upungufu wa pauni 220. Nikafungua daftari langu: Desemba na Januari za upande wetu hazikuandikwa. Yeye akafungua kitabu chake: nyumba zote 22 zilikuwa zimelipa miezi yote miwili, stakabadhi zimekatwa. Akasema, "Mwalimu, bahasha mbili nilikutilia mkononi mwako, mlangoni kwako, mwezi wa Ramadhani, ukiwa unatoka kwenda tarawehe."

Mimi sikukumbuka. Na badala ya kusema "sikumbuki", nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku huwasha taa. Nilisema mbele ya watu wapatao thelathini, "Daftari langu halijapata kukosea. Stakabadhi mtu yeyote aweza kuandika."

Pakawa kimya. Hakuna aliyemtetea, hata mmoja. Yeye alisimama. Akasema, "Mungu anajua nilikompa. Lakini mfiwa hawezi kungoja hesabu zetu." Kesho yake akaleta pauni 220 za kwake, akaziweka mezani mbele ya mwenyekiti na kusema, "Nalipa kwa sababu maiti inangoja, si kwa sababu nimechukua." Ndugu zangu, watu walikuona kulipa, lakini neno hawakulisikia. Mtaani ikawa, "Kama hakuchukua, mbona kalipa?" Akaondolewa ukusanyaji, nami nikanyamaza, nikajiona nimelinda mali ya jumuiya.

Nimejiuliza mara nyingi: lau bahasha zile zingeletwa na mtu wa ukoo wangu, ningelisema vile? Ningelisema, "Hebu ngojeni, nitazame nyumbani kwanza." Kwa yeye sikutazama. Ule mwiba wa zamani ulikuwa bado umo. Nilifundisha watoto wa watu kwamba dhana mbaya ni dhambi, nami nikaibeba dhana yangu mbele ya watu kama taa.

Mwezi Oktoba mwaka huo mke wangu akaugua, akafanyiwa upasuaji, na kwa wiki sita hakuweza kuinua hata sufuria. Watoto walikuwa wadogo na mimi kazini. Jumatatu ya kwanza niliporudi nilikuta chungu cha supu ya kuku jikoni, na wali wa nazi umefunikwa kitambaa. Mke wangu akaniambia aliyeleta ni nani. Nikasema, "Aa." Sikuwa na neno jingine.

Alikuja karibu kila siku kwa wiki zote sita, akitoka zamu ya usiku, kabla ya kulala. Na kuna jambo dogo sitalisahau. Kuku alimnunua kwa muuza nyama Mwislamu wa mtaa wa pili, na kila mara aliacha karatasi ya duka juu ya kifuniko, ili nisile kwa shaka. Mtu niliyekataa stakabadhi zake mbele ya watu aliendelea kunikatia stakabadhi jikoni kwangu. Mimi nikala. Naam, nikala, nikashukuru kwa mdomo kupitia kwa mke wangu, na bado sikwenda kutazama nyumbani kwangu kama bahasha zipo.

Tarehe 30 Desemba 1997, tukijiandaa kwa Ramadhani iliyoanza kesho yake, nilishusha kutoka juu ya kabati sanduku la juzuu tunazosomea khitma. Sanduku hilo hulifungua mwezi wa Ramadhani tu. Nilipozitoa juzuu ili nizipanguse, zikaanguka bahasha mbili. "Des. nyumba 22." "Jan. nyumba 22." Mwandiko wa duara. Hazikufunguliwa. Mara ile nikakumbuka yote: mlango, baridi, mimi nina haraka ya tarawehe, sanduku likiwa wazi mezani, nikazitia humo kwa muda tu, nirudi niziandike. Idi ikaja, sanduku likafungwa na kupandishwa.

Mngelidhani nilitoka mbio kwenda nyumba ya nne. Sikutoka. Niliziweka bahasha kwenye mtoto wa meza, nikafunga siku ya kwanza ya Ramadhani, na ya pili, na ya tatu. Niliwasalisha watu tarawehe nazo zikiwa mle. Nilijiambia nitarudisha fedha kimya kimya. Nitasema zimepatikana benki. Nitangoja Idi, siku ya kuwiana radhi, lipite pamoja na mengine. Mwalimu hodari wa kupanga maneno hupanga hata ya kumdanganya Mola wake. Siku kumi na sita zilipita hivyo. Mke wangu ndiye aliyezikuta bahasha. Hakusema kitu. Alizitoa, akaziweka juu ya mswala wangu, akaondoka.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Januari 1998. Nikaenda kugonga nyumba ya nne. Binti yake akaniambia mama yuko kwenye magofu.

Msiokaa Coventry nawaeleza magofu hayo. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huu mpaka alfajiri. Watu zaidi ya 500 waliuawa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likaungua, zikabaki kuta na mnara. Kati ya vifusi zilionekana boriti mbili za paa zilizoungua, zikafungwa pamoja kuwa msalaba. Siku ya Krismasi mwaka ule ule mkuu wa kanisa, Richard Howard, alisema redioni kutoka pale kwamba vita vikiisha wasitafute kisasi, bali wajenge ulimwengu mwema zaidi pamoja na waliokuwa adui. Kisha akaandikisha ukutani, nyuma ya altare, maneno mawili tu ya kumwomba Baba asamehe. Hayataji amsamehe nani. Hayasemi "wao". Kila asomaye hujikuta naye yumo. Kanisa jipya lilijengwa ubavuni, likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962, na magofu yakaachwa vile vile bila paa. Kila Ijumaa saa sita mchana husomwa hapo sala ya upatanisho.

Nilikuwa nimeishi mji huu miaka kumi na mitatu bila kuingia pale. Sala ya Ijumaa kwetu ilikuwa saa saba, basi nilikuwa na saa moja. Nilimkuta amesimama katika manyunyu pamoja na watu wachache, kichwa amefunga leso, hajalala tangu zamu ya usiku. Nilingoja mbali, karibu na ukuta. Sala ilipokwisha akaniona, akaja. Mkononi alikuwa na chupa ya chai. Mara akakumbuka kuwa nimefunga, akairudisha mkobani.

Nikamwonyesha bahasha. Akazigeuza geuza, akasema, "Kumbe zilikuwa salama siku zote hizi."

Nikamwambia, "Niwie radhi, dada. Nimekudhulumu."

Akanijibu, "Nilikusamehe tangu Juni, Mwalimu. Tena si mara moja. Ilinibidi nikusamehe kila siku upya, maana nikiamka, hasira nayo imeamka."

Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Akasema, "Lakini maneno yale hukuyasema kwangu peke yangu. Uliyasema mbele ya watu, na ukweli nao useme mbele ya watu. Sitaki uaibike. Nataka binti yangu apite mtaani na jina lake."

Nikamwuliza lililokuwa likinisumbua: kwa nini hakupiga kelele? Kwa nini hakuniitia wazee, au kwenda kwa wanasheria?

Alisema, na maneno yake niliyaandika usiku ule yasije yakanipotea: "Nilisema kweli mara moja. Baada ya pale ningelisema mara mia, wangelisikia mara mia kwamba najitetea. Yesu alisingiziwa mbele ya baraza. Akajibu lililostahili kujibiwa, mengine akayanyamazia. Mimi si Yesu, Mwalimu. Nilikwenda nyumbani nikalia. Lakini asubuhi nilisema, 'Mungu, jina langu liko kwako, mimi naenda kazini.' Na kesho yake vile vile. Sikuwa na njia nyingine ya kuishi."

"Na chakula je?" nikauliza. "Uliwezaje kuingia nyumbani kwangu?"

"Mkeo alikuwa mgonjwa," akasema. "Yesu ameniambia nimfuate. Hakuniambia nimfuate siku ninazopenda tu."

Kisha akatazama saa, akaniambia nitachelewa sala yangu.

Jumapili iliyofuata Idi, tarehe 1 Februari, jumuiya ilikusanyika kama kawaida. Kabla ya chakula nikasimama, nikazishika bahasha mbili juu ili watu wote wazione, nikaeleza kila kitu: sanduku, siku kumi na sita, na yale maneno yangu ya Juni. Sikutumia methali wala hadithi. Magoti yalinitetemeka kama mwanafunzi aliyesahau somo. Nilijiuzulu ukatibu. Nilirudisha pauni 220 kwa mwenyewe mbele ya watu. Wazee wawili wakasimama, wakamwomba naye radhi kwa kunyamaza kwao. Yeye alikaa kiti cha nyuma, akatikisa kichwa tu, kisha akaenda jikoni kupakua wali. Mwezi uliofuata alichaguliwa mweka hazina, akaishika kazi hiyo miaka kumi na minne.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoielewa kazi ya kumtegemea Mungu ambayo nilikuwa nikiisomesha bila kuijua. Jambo la kwanza alilofanya mweka hazina mpya ni kuweka sheria: kila bahasha ihesabiwe na watu wawili, watie saini wote wawili, na stakabadhi ziwe nakala tatu. Mtu mmoja akamwuliza kwa mzaha kama imani yake kwa Mungu imepungua. Akajibu, "Mungu namtegemea. Mwalimu ndiye msahaulifu." Watu wakacheka, nami nikacheka, na kicheko kile kilinitibu kuliko hotuba.

Sote wa chuoni tunajua lile fundisho la ngamia: mfunge kwanza, ndipo umwachie Mungu. Basi tazameni nani alimfunga ngamia wake. Yeye alikata stakabadhi zote, akaandika juu ya bahasha, akasema kweli, akalipa ili maiti isafiri, akaenda kazini. Lile lisilokuwa mikononi mwake, yaani vinywa vya watu, akamwachia Mungu. Mimi sikumfunga ngamia, na wala sikumwachia Mungu, nilimshitaki jirani.

Kadhalika kuna mfano wa ndege. Tulifundishwa chuoni kwamba ndege huondoka asubuhi na njaa na kurudi jioni ameshiba, na ndivyo Mungu awaruzukuvyo wanaomtegemea. Jirani yangu aliniambia kuwa Yesu naye aliwaonyesha wanafunzi wake ndege wasiolima wala kuweka ghalani, na Baba huwalisha. Tulikaa siku moja, miaka mingi baadaye, tukilizungumza hilo jikoni kwetu. Akasema, "Angalia, Mwalimu, kwenu na kwetu, hakuna ndege anayelala kiotani akingoja." Nami nikamwambia kwamba kwa hili chuo na kanisa wamesoma ubao mmoja.

Sikusudii kuzichanganya dini. Yeye humwita Yesu Bwana na Mwokozi. Mimi namwita Nabii Isa, mwana wa Mariamu, juu yake amani. Jambo hilo tumelizungumza mara moja tu, kwa adabu, tukaliacha hapo, kila mtu akabaki na imani yake. Ila nilipokuwa kijana nilidhani kumfuata Yesu ni kwenda kanisani na kuimba. Niliyoyaona kwa jirani yangu yalikuwa mengine: ni kuamka na hasira, na kuikabidhi, ni kumpikia aliyekuumbua, tena ukachunga halali yake, ni kusamehe bila kuuficha ukweli. Na haya yote huku amechoka na usingizi.

Kuna la mwisho, ambalo hakuniambia yeye. Aliniambia binti yake mwaka 2003, tena kwa bahati mbaya, akidhani najua. Zile pauni 220 za Juni 1997 zilikuwa sehemu ya nauli. Mama yake alikuwa mgonjwa Kisauni, naye alikuwa amepanga kwenda Agosti. Kwa kulipa, safari ikaahirishwa mpaka mwaka uliofuata. Alipofika, mama yake alikuwa hai, lakini hakumtambua tena. Alimwita kwa jina la jirani. Nilimrudishia fedha zake, ndugu zangu, pauni kwa pauni. Agosti ile sikuweza kumrudishia, na sitaweza. Nilipomwendea kwa hilo, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo nalo nimemwachia Mungu. Bado linaniuma, lakini liko kwake." Basi nimejua kwamba kumtegemea Mungu si kutoumia. Ni kujua pa kulipeleka lililouma.

Alistaafu mwaka 2012, akarudi nyumbani, na sasa anakaa karibu na Kengeleni. Mimi nilistaafu mwaka 2019, nikabaki hapa kwa ajili ya wajukuu. Kila Idi hutupigia simu, nasi kila Krismasi humpigia. Makala hii nilimsomea kwa simu kabla ya kuipeleka kwa wahariri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umenipamba."

Nikamwuliza wapi.

"Hukuandika kwamba baada ya mkutano wa Juni sikukuamkia wiki mbili. Tulipishana mlangoni kwa muuza magazeti, ukasema habari za asubuhi, nikageuza uso. Liandike na hilo. Watu wasije wakadhani ilikuwa rahisi."

Basi nimeliandika. Mungu atujaalie sote, chuoni na kanisani, tumfunge ngamia, tuseme kweli mara moja, tutazame kwanza juu ya makabati yetu kabla ya kumtazama jirani, na yaliyobaki tumwachie Yeye. Amin.